Maua ya Shamba Lisilokuwepo

Jumamosi, 4 Machi

Amekuja tena. Doña Noralba, yule mjane wa jengo letu hili. Alikunywa kahawa vikombe viwili na akakaa mpaka mvua ilipokatika. Kwa bahati mbaya Doña Fabiola wa ghorofa ya juu alikuja naye. Pua ya yule mama hunusa kahawa kabla maji hayajachemka. Wote wawili wanaimba kwaya ya parokia, kwa hiyo siwezi kumfungulia mmoja nikamfungia mwingine.

Maua yalipendeza, nikijisifu mwenyewe. Fungu moja tu la supamaketi, yale yanayosimama ndani ya ndoo karibu na vitunguu, shingo zimepinda, yaliyokataliwa na wanaopeleka ng'ambo. Siri ni kuyatenganisha. Mawaridi ya njano niliyakata mafupi nikayabana kwenye bilauri. Karnesheni nyekundu zikaingia kwenye jagi la maziwa. Majani ya kujazia nikayapeleka msalani, kwa heshima ya wageni. Nailoni na kibandiko cha bei nilivifukia chini ya maganda ya ndizi. Mtu angeingia sebuleni angedhani kuna mwanamke humu ndani.

Noralba akauliza nimeyatoa wapi. Fabiola akadakia kwamba yeye hununua kwa muuza maua wa katikati ya mji, yanakuja na utepe, na kwamba siku hizi kuna watu wanaweka mezani maua ya dukani kwenye vitunguu bila haya. Alikuwa akinitazama mimi. Ulimi ukateleza. Nikasema nina binamu, ana shamba la maua kule Villamaría, hunikatia mwenyewe alfajiri.

Noralba alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nistaafu. Akasema, "Kumbe una watu wako, Don Libardo. Mimi nilidhani u mkiwa."

Sina binamu Villamaría. Sina binamu popote.

Usingizi utakuwa mgumu. Mtoto wa Noralba aliyeko mji wa Pereira anamtaka ahamie kwake, na amemwahidi jibu kabla ya Juma Kuu. Akihama, Jumamosi zangu zitabaki na Fabiola.

Jumapili, 5 Machi

Baada ya misa Noralba alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa. Furaha ilidumu kidogo sana. Jumamosi ijayo ni misa ya kumbukumbu ya marehemu mumewe, Don Heriberto, na anaomba maua ya altare kutoka kwa binamu yangu. "Meupe matupu," alisema. "Heriberto hakupenda madoido. Alipenda mambo mawili tu, ukimya na gari lake la jipi."

Nikasema hakuna neno.

Fabiola, aliyekuwa nyuma yetu kama kivuli, akauliza binamu anaitwa nani. Anselmo, nikasema. Na mkewe? Ludivia. Watoto? Nikasema Mungu hajawajalia, maana niliogopa kuongeza watu. Fabiola akasema ana mpwa wake Villamaría, anajua kila mtu mpaka mbwa wao, atamuuliza.

Nimekunywa maji moto ya sukari guru. Hayakusaidia.

Jumatano, 8 Machi

Siku ya wanawake. Kila mwanamume Manizales leo amebeba ua, hata wale ambao wake zao hawawasemeshi. Nilipita mlangoni pa supamaketi nikaona wanavyopigana vikumbo kwenye ndoo za maua. Mimi si mjinga. Nikapita. Kesho mabaki yatauzwa bei ya kutupa, nami nitachukua meupe ninavyotaka.

Fabiola aliniona nikirudi mikono mitupu. Akauliza mbona sikumletea Noralba hata kikonyo leo, wakati nina shamba zima. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema Anselmo anaumwa mgongo.

Sasa binamu ni mgonjwa.

Alhamisi, 9 Machi

Ndoo tupu. Nimesimama mbele yake kama mtu aliyefiwa.

Kulikuwa na mafungu machache ya karnesheni nyeupe, nyingine zimevunjika shingo, na rundo zima la krisanthemu zilizotiwa rangi ya buluu. Buluu kali, mpaka mashina. Binti wa kaunta alisema hizo hata jana hazikununuliwa. "Watu wanasema zinafanana na dawa ya kusafishia choo, mzee wangu."

Nikanunua zote, nyeupe na buluu. Binti akaniuliza kama niko sawa.

Hoja yangu ni hii: lililotiwa rangi kwa maji laweza kutolewa rangi kwa maji. Nguo hufuliwa. Kwa nini ua lisifuliwe?

Ijumaa, 10 Machi

Ua halifuliwi.

Nimezilaza zile za buluu kwenye ndoo na sabuni ya unga, nimezibadilisha maji, nimezisugua moja moja kwa mswaki. Zimetoka na rangi ya maiti. Mikono yangu ni ya buluu mpaka vifundoni. Nimezitupa kwenye pipa la jengo la jirani, nimezifunika kwa gazeti, nikitazama nyuma kama mwizi wa kuku.

Zilibaki karnesheni nyeupe peke yake. Basi nikafanya ninachokijua. Mashina nikayakata mshazari, majani ya chini nikayaondoa, zilizovunjika shingo nikazikata fupi kabisa za kukaa mbele. Katikati nikajaza matawi ya mkaratusi niliyoyachuma nyuma ya uwanja wa mpira. Nikazibeba zote kwenye ile ndoo niliyofulia, imebaki na maji nusu ya kunyweshea njiani, mpaka kanisani.

Kanisani mabomba makavu. Wanatengeneza mfereji mtaani. Vyombo vya altare vikubwa kama mapipa, na mimi sina tone. Nikatazama ndani ya ndoo yangu. Kwenye giza la chumba anachovalia padri maji yalionekana masafi. Nikayamimina yote.

Yalipendeza. Nilisogea nyuma nikatamani mama yangu angekuwepo. Padri Nicanor alipita, akasifu, akasema altare haijawahi kutulia hivi. Kisha akatazama mikono yangu. Nikaitia mifukoni.

Jumamosi, 11 Machi

Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa komeo.

Mwanzo wa misa kulikuwa na mawingu, kanisa la kijivu, kila kitu salama. Noralba alikaa mbele na shela nyeusi. Aligeuka akanitazama, akainamisha kichwa kidogo, kunishukuru. Nilijiona nimefika.

Wakati wa mahubiri jua likatoka. Likaingia kwa dirisha la upande wa kushoto, likaangukia altare moja kwa moja. Nikaona ukingo wa karnesheni moja una uzi mwembamba wa buluu. Nikadhani ni macho. Nikaona mwingine. Kila jani la ua lilikuwa na mishipa, kama mkono wa mzee. Zilikuwa zimekunywa usiku kucha.

Nilifumba macho nikaomba wingu. Wingu halikuja.

Fabiola ndiye aliyesimama kwanza, katikati ya kwaya, katikati ya wimbo. Akanyoosha kidole. "Buluu," alisema. "Mwenzangu, tazama. Ni buluu ya gari la Heriberto."

Kanisa zima likageukia altare. Hata watoto. Noralba alisimama, akasogea mpaka kwenye altare, akagusa ua moja kwa ncha ya kidole. Kisha akaanguka, na wanawake wawili wakamdaka.

Mimi nilitoka kwa mlango wa pembeni. Sikumbuki nilipita wapi.

Jumapili, 12 Machi

Nimejua kwa nini alianguka. Fabiola alinieleza kwenye ngazi, kwa raha zote.

Gari la Don Heriberto lilikuwa la buluu. Alilisugua kila Jumapili kuliko alivyojisugua mwenyewe. Kabla hajafa alimwomba mkewe asiliuze. Mwaka jana kuta zilivuja, Noralba akaliuza apate pesa ya kuzitengeneza. Sasa ameamini marehemu amemjia kumlaumu, tena mbele ya parokia nzima. Na kuna jingine, Fabiola akaongeza, akiteremsha sauti: Noralba alikuwa ameanza kumfikiria mtu. "Simtaji," alisema. "Lakini Heriberto ameshamtaja." Akanitazama tangu viatu mpaka kichwani, akaenda zake.

Alikuwa ananifikiria mimi.

Alikuwa.

Noralba hali chakula. Analala taa zote zikiwaka. Kila gari likipiga honi barabarani anapiga ishara ya msalaba. Amempigia simu mtoto wake wa Pereira kumwambia aje amchukue wiki ijayo.

Ningeweza kupanda kwake juu sasa hivi nikamwambia ni rangi ya ndoo. Lakini nikisema ndoo lazima niseme supamaketi, na nikisema supamaketi lazima nimzike Anselmo, na Ludivia, na shamba. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nilimsikia ndani akiongea taratibu na picha ya mumewe, anaomba radhi. Nikarudi chini kwa vidole vya miguu.

Mimi ni mtu mbaya. Ila ni mtu mbaya mwenye hofu, na nadhani hilo linapunguza kidogo.

Jumanne, 14 Machi

Nimeua mtu.

Fabiola amekuwa akichota maji ya vyombo vya altare kwenye chupa na kuwagawia wagonjwa wajipake, eti ni maji ya muujiza. Leo asubuhi, kwa sababu ya koo, akanywa. Glasi nzima. Nilikutana naye akishuka ngazi na kitambaa mdomoni. Alikitoa kuniambia neema aliyoipata. Ulimi wa buluu. Meno ya buluu. Alicheka, na ilikuwa kama kutazama ndani ya kisima.

Nilishika chuma cha ngazi. Kwenye maji yale kuna sabuni ya unga. Kuna na mswaki wangu wa zamani uliovunjikia humo. Nikamwuliza kwa upole anajisikiaje. Akasema tumbo linanguruma kidogo, bila shaka ni roho inafanya kazi.

Roho imefanya kazi mchana kutwa. Choo chake kiko juu ya chumba changu cha kulala. Nimesikiliza nimeshika rozari. Kila anapokaa kimya muda mrefu naogopa kuliko anapopiga kelele.

Jioni amesikika akiimba. Yu hai. Sijawahi kushukuru sauti ile.

Jumatano, 15 Machi

Padri Nicanor ameniita. Nilikwenda nikiwa nimevaa glavu za sufu, ingawa hapakuwa na baridi ya hivyo.

Hakuniambia nikae. Alichukua chombo kimoja cha altare, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka kama shuka jipya. Akaniuliza, kwa sauti ile ya kitubio, binamu yangu huko Villamaría anamwagilia maua kwa sabuni gani, maana nyumba ya mapadri wanatafuta nzuri.

Nikakirudisha chombo mezani.

"Libardo," alisema, na hakusema Don, "mwanamke wa watu hali chakula. Anadhani mumewe amefufuka kwa ajili ya gari. Utamwambia wewe, au niseme mimi Jumapili kwenye mahubiri, uso kwa uso na Fabiola?"

Nikasema nitamwambia mimi. Nilikuwa nasema kweli wakati huo. Lakini nilipofika kona ya duka la mikate likanijia wazo bora zaidi.

Buluu imemtisha. Basi zije nyekundu. Marehemu akishamaliza kulaumu, ni haki yake pia kusamehe. Nikimwekea Noralba mlangoni karnesheni nyeupe, na zikigeuka nyekundu mbele ya macho yake, nani atasema si baraka? Nyekundu ni moyo. Nyekundu ni kubali, mama, endelea na maisha. Atalala. Atabaki Manizales. Anselmo atabaki hai. Hakuna atakayeumia.

Alhamisi, 16 Machi

Rangi ya chakula haipatikani. Nimejaribu kiazi sukari chekundu, nimechemsha, nimechuja: maji yamekuwa mekundu kama divai, maua yamebaki meupe kama shati. Hayataki kunywa supu.

Binti wa supamaketi, nikiwa nimesimama kwa muda mrefu mbele ya rafu, akanipendekezea unga wa jeli ya stroberi. Hakuuliza ni ya nini. Nadhani ameshakata tamaa nami.

Maji ya moto, pakiti zote, karnesheni ndani, chombo dirishani zipate hewa. Rangi ni nzuri mno. Naona kabisa inaanza kupanda.

Ijumaa, 17 Machi

Sikufikiria baridi ya mji huu.

Asubuhi chombo kilikuwa jeli. Jeli ngumu, yenye kutikisika, na maua yamesimama ndani yake kama watu waliokwama kwenye tope. Vichwa vimelala. Nilivuta shina moja, likatoka na bonge zima. Nikaingiza mkono kuyachimbua. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko ukakwama. Nikavuta. Chombo kikapasuka kwenye beseni, jeli ikanirukia shati, kifua, uso, ukuta, na kigae kimoja kikanichana kidole, kidogo tu.

Hapo mlango ukabishwa. Nilidhani Fabiola, nikakaa kimya. Nilikuwa nimesahau kuufunga.

Alikuwa Noralba. Amekuja kunirudishia sahani yangu ya keki, kwa sababu anaondoka kesho kutwa. Aliniona nimesimama jikoni, mwekundu kuanzia kidevu mpaka vidole, nyuma yangu ukuta unachuruzika.

Hakupiga kelele. Sahani ndiyo iliyopiga kelele sakafuni. Alinivaa, akaniketisha, akavua shela yake akanifunga mkono wote kwa nguvu, akisema, "Usifanye hivi, Libardo, usifanye hivi kwa ajili yangu. Si ningekuandikia barua? Pereira si mbali." Alikuwa analia. Alidhani nimejikata mishipa.

Kisha akasimama. Akanusa shela. Akanusa mkono wangu.

"Stroberi," alisema.

Basi nikamwambia. Yote. Ndoo ya kwenye vitunguu, nailoni chini ya maganda ya ndizi, krisanthemu, mswaki, bomba kavu. Nilimwambia Anselmo hayupo na hakuwahi kuwepo, wala haumwi mgongo. Nilisema huku nikitazama miguu yake, kwa sababu uso sikuthubutu.

Nyuma yangu jeli ilikuwa ikidondoka kutoka ukutani.

"Nimemwomba Heriberto msamaha kila usiku," alisema. "Nimepiga magoti mpaka yamevimba. Nimemtafuta mtu aliyenunua lile gari, nimemsihi aniuzie tena. Unajua nilivyoogopa, wewe?"

Nikasema najua kuogopa. Ndiyo kazi yangu.

Akachukua shela yake. Akaondoka. Hakufunga mlango kwa kishindo. Afadhali angefunga kwa kishindo.

Jumapili, 19 Machi

Sikwenda misa. Nilijilaza nikisubiri kusikia gari la mtoto wake kutoka Pereira.

Adhuhuri mlango ukabishwa. Alikuwa amesimama na mfuko wa supamaketi. Akaingia bila kukaribishwa, akatoa fungu la rangi mchanganyiko, nailoni yake, kibandiko cha bei kimekaa pale pale, akaliweka mezani kama polisi anayeweka kielelezo.

"Haya," alisema. "Nataka kuona unavyofanya."

Nikafanya. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni. Nikafungua nailoni, nikatenganisha rangi, nikakata mashina mshazari chini ya maji, nikang'oa majani ya chini. Ua lenye shingo iliyovunjika alitaka kulitupa, nikamwonyesha linavyokatwa fupi na kuegemezwa kwa wenzake mpaka hakuna anayejua. Tulitumia bilauri, jagi, hata kopo la samaki. Alipanga moja yeye mwenyewe. Lilikaa upande upande. Nikamwambia ni zuri, na kwa mara moja sikuwa nadanganya.

Tukanywa kahawa. Akasema amemwambia mwanawe asije kwanza. Akasema hakuwahi kuja Jumamosi kwa ajili ya maua. "Wala kwa ajili ya kahawa. Kahawa yako ni mbaya, Libardo, nilikuwa nakuonea huruma." Akasema bado ana hasira, itachukua muda, nisitegemee kitu. Lakini Jumamosi atakuja, peke yake, akipata namna ya kumkwepa Fabiola, ambaye meno yake bado hayajarudi rangi.

Sharti moja tu: asisikie uongo tena. Hata mdogo. Niliapa kwa kaburi la mama yangu. Machozi yalinitoka. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Alipokuwa anavaa shela mlangoni aligeuka, akatazama meza, akauliza kwa sauti laini, nani alinifundisha kupanga maua hivi.

Nilijifunza kwenye kikaratasi cha matangazo kinachogawiwa bure pale kaunta, upande wa nyuma, chini ya bei ya kuku. Nilitaka kusema hivyo. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Lakini alikuwa ananitazama kwa jicho lile la Jumamosi ya kwanza, na nikaogopa kulipoteza.

Nikasema nililelewa kidogo na watawa wa Popayán. Mtawa mmoja mzee, Sista Eduviges, karibu kipofu, ndiye aliyenishika vidole akanifundisha.

Noralba akaweka mkono kifuani. Akauliza kama bado yu hai. Nikasema yu hai, anamshukuru Mungu. Akasema basi imekubalika: Juma Kuu hatakwenda Pereira, tutakwenda Popayán, mimi na yeye, akambusu mikono yule mama.

Nimetazama ratiba ya mabasi. Popayán ni mji mkubwa, una makanisa mengi sana. Hauwezi kukosa mtawa mmoja mzee, haoni vizuri, mwenye huruma.